Uzi wa Kizibo

Tarehe 6, mwezi wa tatu

Baba Watoto,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Nikisema wazima nina maana nimehesabu vichwa vyote sita asubuhi hii kabla ya kuandika, na changu cha saba, ingawa changu kinauma.

Barua yako nimeipata. Unasema kuta za shule hiyo zinapanda vizuri na paa litaanza mwezi wa sita. Mimi kuta hazinihusu. Nasubiri paa, kwa sababu uliniambia mwenyewe kwamba paa likifungwa, msimamizi atakukabidhi ile karakana ya hapa mjini, na hutabeba tena sanduku la vifaa kwenda kulala mbali na sisi. Ahadi hiyo nimeikariri kuliko mtoto yeyote wa nyumba hii alivyowahi kukariri somo lake.

Habari za watoto. Karani sasa ana miaka kumi na moja na ameanza kusahihisha barua zangu, kwa hiyo hii naiandika akiwa shuleni. Mzee ameng'oka jino la mbele. Unamjua anavyoongea kama mtu wa miaka sitini. Sasa anaongea kama mtu wa miaka sitini asiye na meno. Mapacha wamejifunza kufunga kamba za viatu. Siku ya kwanza walifunga kiatu cha huyu na cha yule, wakaanguka wote wawili mlangoni, wakacheka mpaka wakalia. Kimya ametimiza miaka minne na bado anatoa maneno kwa kijiko kidogo. Kizibo wetu ana miezi kumi na moja, meno manne, na anatambaa kinyumenyume. Akitaka kitu anakitazama huku anakwenda mbali nacho, kisha ananilaumu mimi.

Nyuzi ulizotaka nimeziweka humu, sita, kila mmoja na karatasi yake ya jina. Mwimo wa mlango wa sebuleni haujaguswa na mtu. Alama za pale ni za penseli yako tu, na zitakusubiri. Watano wamesimama ukutani, uzi kutoka sakafuni mpaka utosini, fundo. Kizibo nimempima kitandani amelala, maana kusimama bado.

Mimi wako,
Mama Watoto


Tarehe 25, mwezi wa tatu

Mama Watoto,

Nyuzi zimefika. Nimezitundika kwenye misumari sita juu ya kitanda changu, kutoka Karani mpaka Kizibo. Fundi wa bati anayelala kitanda cha jirani aliniuliza kama natega panya. Nikamwambia hao ni watoto wangu. Alizitazama kwa muda, halafu akasema wanafanana na baba yao, wembamba.

Mzee amekua kwa vidole viwili tangu niondoke. Mapacha wamepishana, nadhani yule wa pili alinyanyua visigino na wewe hukuona. Mpime tena. Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Mbao ikiniambia imenyooka, naifumbia jicho moja na kuitazama kutoka mwisho wake. Ndiyo maana milango yangu haigomi.

Kizibo akisimama niandikie. Akitembea niandikie ni hatua ngapi, kutoka wapi mpaka wapi, na nani alikuwepo. Hawa watano wote wametembea nikiwa mbali, nami nimezoea. Huyu naye nitamsoma.

Huku hakuna jipya. Simu ni moja, iko ofisini kwa msimamizi, na kabati lake lina kufuli.

Mume wako,
Seremala


Tarehe 20, mwezi wa nne

Baba Watoto,

Nyuzi za mwezi huu hizi hapa. Pacha wa pili alikuwa amenyanyua visigino kweli, nimemkanyaga vidole nikampima upya. Akasema Baba ana macho marefu.

Karani amepika chai peke yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyeusi kama wino na tuliinywa yote kwa adabu. Mzee amesoma gazeti zima lililofunga mkate, na sasa anatoa maoni kuhusu bei ya saruji. Mapacha wamekubali kulala vitanda viwili. Kila asubuhi nawakuta kwenye kimoja, lakini kukubali wamekubali. Kimya amejifunza kuruka kwa mguu mmoja, na tangu hapo haendi popote kwa miguu miwili. Anakwenda hivyo mpaka chooni.

Kizibo hana jipya. Yuko vilevile.

Kula vizuri. Usipande juu ukiwa na usingizi.

Mama Watoto


Tarehe 8, mwezi wa tano

Mama Watoto,

Nimezitoa nyuzi kwenye bahasha na vidole vyangu vikawa vyeupe. Nimenusa. Ni chokaa, na ni chokaa mbichi, bado inaachia.

Ukuta wa sebuleni niliuacha na rangi ya matope ya mikono ya watoto. Sasa una chokaa. Nani kaupaka? Ukuta ule ni mrefu, wewe huufikii juu hata ukinyanyua visigino kama pacha wa pili, na ngazi niliiacha ikiwa imevunjika kipandio cha tatu. Basi kuna mtu mrefu, au kuna mtu mwenye ngazi. Sisemi neno. Nauliza tu kama fundi.

Na barua yako imekuwa fupi. Kimya kurukaruka amepata sentensi mbili zilizojaa, Kizibo amepata mbili pia, na zake zote mbili hazina kitu ndani. Mtoto wa mwaka mmoja hakosi jipya. Hata mbao iliyolazwa chini ina jipya kila wiki.

Seremala


Tarehe 19, mwezi wa tano

Baba Watoto,

Huyo mwanamume mrefu unayemtafuta nimeishi naye miaka tisa. Ni meza ya kulia uliyoitengeneza kwa mikono yako. Niliipandisha stuli juu, nikapanda mimi juu ya stuli, Karani akashika ndoo, mapacha wakashika miguu ya meza, na Mzee akasimama mlangoni akitoa maelekezo. Tulipaka kwa sababu mtu mmoja mwenye mkaa alichora gari kutoka dirishani mpaka mlangoni. Hatumtaji, ila anaruka kwa mguu mmoja.

Ukirudi mpime huyo mwanamume. Ana miguu minne na hana maneno, na kwa hilo amekushinda.

Nimecheka, halafu nimekasirika, halafu nimecheka tena. Usinitie kwenye mizani ya mbao zako.

Kizibo mzima. Hana jipya.

Mama Watoto


Tarehe 10, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Mimi dada yako si mtu wa maneno, na wewe unajua. Lakini nimekaa na hili siku nne na limekataa kushuka.

Jumapili nilikwenda kwako na futi yangu ya kushonea na kitambaa, nia yangu niwashonee watoto nguo za kukupokea. Nilipobisha hodi sikujibiwa. Nilisikia mbio za miguu ndani, kitu kikaburutwa, ndipo mlango ukafunguliwa. Wifi yangu akanipokea vizuri, ila jasho lilikuwa linamtoka, na watoto wamejipanga kama wanaosubiri sindano.

Kizibo walikuwa wamemkalisha kwenye beseni, na kuanzia kiunoni kushuka chini amefunikwa kitambaa. Amekaa humo muda wote niliokuwa pale. Nikasema nileteeni nimpime gauni. Mama yake akasema, "Wifi, mpime mabega tu, chini nitakuambia mwenyewe." Nimeshona miaka ishirini, sijawahi kuambiwa maneno hayo. Nikanyanyua kile kitambaa kidogo, na Karani akaja na sinia la chai akasimama katikati. Mtoto uso wake mzuri, anacheka, lakini miguu sikuiona, mdogo wangu. Sikuiona kabisa.

Kisha Kimya, ambaye hajawahi kuniambia neno tangu azaliwe, akanivuta sketi na kufungua mdomo. Mzee akamziba kwa mkono, akaniambia, "Shangazi, huyu anaota meno." Mtoto wa miaka minne anaota meno gani?

Sikuchochei. Ila kama ni mimi, ningeuliza.

Dada yako,
Mshonaji


Tarehe 22, mwezi wa sita

Mama Watoto,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mapao, karatasi kwenye goti. Tumeshafunga nusu ya paa.

Barua ya dada nimeipata, na usimkasirikie, kwa sababu mimi nilianza kabla yake. Nimeshusha nyuzi mbili za Kizibo nikazilaza sambamba kwenye ubao. Ule wa mwezi wa nne ni mfupi kuliko wa mwezi wa tatu, kwa upana wa penseli yangu. Nimepima mara saba. Mbao mbichi ikikauka hupungua, hilo nalijua na nalipangia. Mtoto hapungui.

Halafu ule uzi mfupi nao una chokaa. Uliniambia hasimami. Mtoto asiyesimama umempimaje ukutani? Nikajiambia labda amesimama, na moyo ukanipanda. Lakini mama gani anaficha mtoto kusimama? Watu huficha ugonjwa, hawafichi furaha. Basi uzi huo si wake. Uliukisia kwa jicho ukutani kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kupimika, au hakuwepo nyumbani wa kupimwa. Na sasa yuko kwenye beseni amefunikwa miguu, na watoto wangu wamefundishwa kuzibana midomo.

Mama Watoto, mimi ni baba yake. Kama miguu yake ina tatizo, niambie, nitamtengenezea kitu cha kumsaidia, mikono ninayo. Kama kuna jambo kubwa zaidi, niambie pia. Sitakulaumu. Lakini usinifanye nimsome mtoto kwa uzi wa uongo.

Nasubiri jibu mpaka tarehe 20 ya mwezi wa saba. Nisipopata jibu linaloeleweka, siku hiyo nashuka kwenye paa na kuja nyumbani. Nimemuuliza msimamizi. Amesema akishuka mtu kabla paa halijafungwa, karakana anapewa fundi mwingine, na mimi nitarudi kwenye kuzunguka na sanduku mpaka meno yanitoke. Najua hilo. Nitashuka tu.

Seremala


Tarehe 1, mwezi wa saba

Baba,

Shikamoo. Mama hajui kama naandika. Barua yako niliisoma kwa sababu Mama aliiacha mezani akaenda uani, na hakurudi haraka.

Kizibo si mgonjwa. Miguu yake ipo yote. Siwezi kusema zaidi kwa sababu niliapa, na mapacha waliapa, na Mzee alituandikia karatasi tukaweka vidole gumba. Kimya alikataa kuapa lakini aliweka kidole.

Tafadhali usishuke kwenye paa. Nakuomba hivyo kama mtoto wako mkubwa.

Karani

Halafu Baba, kwenye barua yako umeandika "kuzibana midomo". Ilikuwa ni kumziba, ni Kimya peke yake.


Tarehe 3, mwezi wa saba

Baba Watoto,

Usishuke kwenye paa. Naanza na hilo ili hata usiposoma mengine uwe umelisoma.

Kizibo ni mzima, na Kizibo anatembea. Basi, nimesema. Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, kwa sababu zilibaki wiki nane tu.

Alisimama tarehe 11 mwezi wa nne, saa nne asubuhi, ameshika mguu wa meza. Baada ya siku tatu akauachia, akaenda hatua tatu mpaka kwenye ndoo ya nguo, akakaa kwa kishindo na kujipigia makofi. Nilikuwa na sufuria ya maji mkononi, nikajimwagia miguuni. Nikakimbilia karatasi nikuandikie siku hiyohiyo kama ulivyotaka. Nikaandika "Baba Watoto, leo Kizibo", nikaishia hapo.

Nilikumbuka kitu ambacho sijawahi kukuambia. Wiki ile uliyoondoka nilifungua sanduku lako la zamani kutafuta msasa, nikakuta barua tano. Barua zangu. Ya Karani alipotembea, ya Mzee, mbili za mapacha, na ya Kimya. Zimekunjuliwa na kukunjwa mpaka zimekatika kwenye mikunjo. Na nyuma ya kila moja umechora chumba chetu kwa penseli, meza, dirisha, mlango, na vitone vya hatua kutoka pale nilipokuambia mpaka pale nilipokuambia. Nyuma ya barua ya Kimya hukuchora kitu. Uliandika neno moja, "Tena."

Mume wangu, miaka yote hiyo nilidhani hujali. Wewe ulikuwa unanijibu "vizuri, nimefurahi, misumari imechelewa", nami nilikuwa nakunja barua kwa uchungu na kusema huyu mtu ana moyo wa mbao. Juzi tena ukaandika umezoea. Hujazoea. Nimeiona penseli yako.

Basi nikaichana ile karatasi, nikawakusanya watoto jikoni, nikawaambia Kizibo hajatembea, na hatatembea mpaka Baba afike, hakuna aliyeona kitu. Walielewa kuliko nilivyotegemea. Mzee ndiye alipanga ulinzi. Mgeni akibisha yeye anapiga mluzi, mapacha wanamkamata Kizibo na kumtia kwenye beseni, Karani anamfunika. Wifi yangu tulimficha makusudi, kwa sababu anakupenda mno na mdomo wake hauna kifuniko. Nimemkosea, nami nitamwomba radhi. Siku ile Kimya alitaka kumwambia ukweli wote, sijui kwa nini alichagua siku ile kuanza kuongea.

Kosa langu ni uzi. Mwezi wa nne nilikuwa napima mmoja baada ya mwingine, zamu ya Kizibo ilipofika nikamsimamisha ukutani kama wenzake, kwa mazoea tu, nikafunga fundo na kuandika jina. Mtoto akilala hunyooka, akisimama hujikunja magoti. Ndiyo hiyo penseli yako iliyopungua. Umetukamata watu saba kwa upana wa penseli.

Unauliza mama gani anaficha furaha. Ni mimi. Nilitaka safari hii usisome.

Sasa umeshasoma. Baki juu ya hilo paa.

Mama Watoto


Tarehe 16, mwezi wa saba

Mama Watoto,

Barua ya Karani nimeipata. Mwambie amesahihisha vizuri. Yako sijaiona, kama uliandika. Gari la posta lilikwama kwenye tope, na wanasema mfuko mmoja ulilowa mpaka barua zikawa uji. Kwa hiyo mimi sijui lolote zaidi ya nililokuwa nalijua. Usihangaike kuandika upya.

Nimeamua nisishuke. Nilipanda asubuhi, nikatazama mapao yalivyojipanga, nikaona ni aibu kuliacha paa nusu kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Ni hilo tu, usilitafutie sababu nyingine. Tarehe 31 ya mwezi ujao tunapiga bati la mwisho, na Jumamosi inayofuata niko nyumbani.

Mabaki ya mbao hapa ni mengi, nami natengeneza kitu kidogo wakati wa mapumziko. Si cha mtu yeyote hasa.

Chumba chetu huku kimetulia. Fundi wa bati aliniuliza kwa nini siku hizi natabasamu nikitazama mitego yangu ya panya. Nikamwambia mmoja umenasa.

Wasalimie wote. Mwambie Mzee mluzi wa mtu aliyeng'oka jino hausikiki mbali, bora agonge sufuria.

Mume wako,
Seremala


Tarehe 28, mwezi wa saba

Baba Watoto,

Pole kwa barua iliyolowa. Haikuwa na kitu cha maana.

Nina ajabu moja tu. Habari ya Mzee na mluzi nimeitafuta kichwani katika barua zote zilizokufikia, na siioni. Wifi hakuusikia huo mluzi, maana siku ile, kama ulivyosema, haukusikika mbali. Karani ananiapia kwamba yeye hakuiandika. Lakini mimi si mtu wa kushuku. Hiyo ni kazi yako.

Watoto wamebandika kalenda jikoni na wanagombea zamu ya kukata siku. Mlinzi wetu sasa ana sufuria.

Kizibo hana jipya. Yuko vilevile.

Mama Watoto


Tarehe 12, mwezi wa tisa

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amesema nikuandikie mimi kwa sababu yeye akianza analia, na pia nikuombe radhi kwa niaba ya nyumba nzima kwa mambo ya beseni. Amesema ukija atakueleza mwenyewe kwa chai. Lakini nakueleza sasa ili usikae na hasira. Kizibo alikuwa anatembea tangu mwezi wa nne. Tulimficha ili Baba aone hatua za kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu za kwetu sote alizisoma kwenye barua. Tulikuficha na wewe kwa sababu Mzee alisema ungemwambia. Samahani Shangazi, ni Mzee.

Baba alifika Jumamosi saa sita mchana. Karakana amepewa, funguo alikuwa nazo mfukoni na alituruhusu kuzishika kwa zamu. Sisi tulikuwa tumejipanga, na Mama akamtoa Kizibo kwenye beseni akamweka chini karibu na mguu wa meza, akarudi nyuma.

Kizibo hakutembea. Alimtazama Baba kama mtu aliyekuja kuchukua vyombo, akakaa chini, akatambaa mpaka nyuma ya Mama. Siku ile yote alitambaa. Jumapili yote alitambaa, tena kinyumenyume kama zamani. Mapacha walimpeleka uani kumkumbusha, akakataa. Mama akawa anaunguza vitu jikoni. Mzee alisema tumemficha sana mpaka amesahau, na kwamba lawama zote ni zetu. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Hakuuliza habari ya miguu ya Kizibo hata mara moja, wakati aliwahi kutuma barua nzima kuhusu upana wa penseli. Hilo lilinitia shaka.

Jumatatu tulipotoka shule Baba akatuita kwenye mwimo wa mlango kutupima. Alianza na mimi. Nimepita komeo la juu. Akampima Mzee, akawapima mapacha huku amewakanyaga vidole wote wawili, akampima Kimya, ambaye ilibidi aombwe kusimama kwa miguu miwili. Halafu penseli ikaisha ncha. Baba akachuchumaa kuichonga, na Kizibo alikuwa ng'ambo ya chumba, pembeni ya beseni lake.

Aliitaka ile penseli, Shangazi. Akasimama, akaja. Hatua tano, na hakuanguka. Akaishika penseli mkononi mwa Baba na kuivuta.

Baba akamwuliza Mama, "Huyu ameanza lini?"

Mama akasema, "Ndio kwanza."

Akaniuliza mimi. Nikasema ndio kwanza. Akamwuliza Mzee, akasema ndio kwanza, na kwa maoni yake ni mapema. Mapacha walisema pamoja. Kisha Baba akamgeukia Kimya, na nilisikia Mama ameacha kuvuta pumzi. Kimya alimtazama Baba sana. Akasema, "Ndio kwanza, Baba. Leo. Mimi nilikuwepo." Hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Baba akaenda kwenye sanduku lake akatoa kitu kilichofungwa gunia. Zawadi zetu alitupa Jumamosi, hii ya Kizibo alisema bado. Ni kigari cha mbao cha kusukuma, kina magurudumu manne na mpini. Nilimsimamisha Kizibo nyuma yake, na mpini unamfika kifuani sawasawa. Shangazi, mtu hatengenezi kigari cha kusukuma kwa mtoto anayetambaa. Nilitaka kuuliza. Mama akanitazama, nikanyamaza, na wewe tafadhali nyamaza pia, ingawa Mzee anasema huwezi.

Mwisho Baba alimsimamisha Kizibo kwenye mwimo, akampiga alama yake, ya kwanza. Alikosea tarehe, akafuta kwa kidole, akaandika upya, na hakuwahi kukosea kuandika tangu nimjue. Pembeni ya alama akachora vitone vitano. Chini yake akaandika neno moja, "Nimeona." Mama alilisoma, akaenda jikoni akafungua maji ya kuoshea vyombo, na vyombo vyote nilikuwa nimeshaviosha.

Wako,
Karani